Usivisingizie visima vya Malkia wa Sheba

MSOMAJI, ukitoka Garissa mjini na kuuacha mto Tana nyuma yako, safari ya kilomita 100 hivi itakufikisha Dadaab, na kusini kidogo mwa Dadaab ndiko Hagadera. Hapa mchanga ni mwekundu, miti ni ya miiba, na mto hakuna. Keti kivulini na wenyeji kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nawe utagundua kwamba mazungumzo huanza na mvua, yakaenda kwa mifugo na kuishia kwenye maji. Mahali fulani maji ni matamu, pengine ni machungu. Kisima hiki kinawafaa watu, kile kinawafaa ngamia.

Leo nataka tusafiri pamoja hadi kwenye visima vyenye sifa kubwa kuliko vyote katika sehemu hizi, yaani visima vya Wajir. Tutavitazama kwanza kama wasafiri wanaopenda hadithi, kisha tutavitazama kidaktari. Kuna imani moja kuhusu maji ya namna hii ambayo huweza kumwua mtoto kwa muda wa siku moja tu. Imani hiyo haihusu malkia wala majini. Ni maneno matatu ambayo kila daktari aliyefanya kazi katika nchi kavu ameyasikia: "Ni maji tu."

Kutoka Hagadera hadi Orahey

Hagadera maji hutoka mbali sana chini. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa hapo mwaka 1992, wakimbizi na wenyeji wa vijiji jirani wametegemea visima vilivyotobolewa kwa mashine, vyenye kina cha zaidi ya mita 100. Visima hivyo huteka maji kutoka hifadhi kubwa ya chini ya ardhi iitwayo Merti, ambayo hutanda kutoka pande za Isiolo kuelekea mpaka wa Somalia. Katikati ya hifadhi hiyo maji ni matamu. Kandokando yake ni ya chumvi.

Ukielekea kaskazini kupitia Habaswein hadi Wajir, mambo hubadilika. Huko si lazima mashine. Mtu akichimba mita chache tu katika mwamba, hukutana na maji. Ndiyo maana Wajir ukawa mji. Wafugaji walikutana hapo na mifugo yao wakati wa kiangazi tangu zamani, na Waingereza walipofika mwanzoni mwa karne ya 20 nao waliweka kituo chao penye maji hayo. Visima ni vingi, mjini na nje ya mji, na mashuhuri zaidi ni vile vya Orahey.

Nani aliyevichimba? Inategemea umemwuliza nani. Kuna hadithi isemayo kwamba Malkia wa Sheba, yule Bilkisi wa habari za Nabii Suleimani, aliwanywesha ngamia wake hapo. Wengine watakutajia Madanle, watu wa kale wanaosemekana kuwa walikuwa majitu yenye nguvu, ambao walichimba visima katika nchi hii kavu kisha wakatoweka. Mbele zaidi, karibu na mpaka wa Somalia, kuna mji wa El Wak, ambao nao unajulikana kwa visima vyake. Maana ya jina hilo ni kisima cha Mungu, kwani Waq ni jina la Mungu walilolitumia Wasomali wa kale, na Waborana hulitumia hadi leo.

Mimi si mwanahistoria, wala sina ugomvi na Malkia wa Sheba. Isitoshe, hadithi kama hizi zina faida yake. Kisima kinachosemekana kuwa cha malkia au cha Mungu hakichezewi. Kwa kawaida ya wafugaji, kisima kina wenyewe, kina zamu ya kunywesha, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kutumbukiza ndoo yake. Taratibu hizo zililinda maji kwa vizazi vingi kabla ya kuwapo kwa maofisa wa afya.

Kuna nini ndani ya maji hayo?

Mgeni anayeyaonja maji ya Wajir kwa mara ya kwanza aghalabu hukunja uso. Maji yana uchungu na ukali fulani, na sabuni haitoi povu kwa urahisi. Sababu yake kubwa ni jasi, lile jiwe jeupe laini ambalo husagwa na kuchomwa ili kutengeneza plasta tunayomfungia mtu aliyevunjika mguu. Jasi imo katika ardhi ya Wajir, na maji yanapokaa humo huiyeyusha. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha jasi ya karibu gramu 2 na nusu, kiasi cha nusu kijiko cha chai hivi.

Jasi ina vitu viwili, kalisi na salfeti. Kalisi haina neno, kwani mwili huihitaji kwa ajili ya mifupa. Salfeti ndiyo inayoleta kishindo tumboni. Ikiwa nyingi, huvuta maji kuyaingiza ndani ya matumbo, na matokeo yake ni kinyesi chepesi. Kwa wastani, watu huanza kuihisi ladha yake inapofika miligramu 250 hivi katika kila lita, na inapozidi miligramu 1,000 huweza kumharisha mtu asiyeizoea. Mwenyeji aliyekulia hapo hasumbuliwi sana, kwa kuwa tumbo lake limezoea.

Kwa hiyo, msomaji, yule anayesema kwamba maji ya visima hivi huharisha hakudanganyi. Kuna ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo mdogo hubebeshwa mzigo usio wake.

Chemchemi ya Epsom

Si Wajir tu penye maji ya namna hii. Huko Uingereza, karibu na London, kuna mji uitwao Epsom. Inasimuliwa kwamba mwaka 1618, wakati wa ukame, mkulima mmoja aliwapeleka ng'ombe wake kunywa maji katika shimo fulani, nao wakayakataa ingawa walikuwa na kiu. Maji yalikuwa machungu. Baadaye watu waligundua kwamba yalisafisha tumbo, na matajiri wa London wakaanza kumiminika Epsom kuyanywa kama dawa ya kila ugonjwa, uwe wa ngozi, wa viungo au wa huzuni.

Chumvi iliyokuwa katika maji yale ilikuwa salfeti ya magnesi. Ni ndugu wa jasi ya Wajir, ila yenyewe ina nguvu zaidi. Hadi leo huuzwa madukani kwa jina la chumvi ya Epsom. Haikuponya kila ugonjwa kama matajiri wale walivyodhani. Lakini leo sisi madaktari huitumia hospitalini, kwa kuidunga sindano, kumkinga mama mjamzito asipatwe na kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Nimeyataja haya ili uone kwamba hadithi za chemchemi si upuuzi mtupu. Mara nyingi huwa pana kitu cha kweli ndani ya maji. Kazi yetu ni kujua kitu hicho hufanya nini na kisichoweza kufanya.

Kisonono cha Wajir

Wakati wa ukoloni, maofisa wa Kiingereza waliopelekwa Wajir walilalamikia ugonjwa mmoja. Walisikia maumivu makali wakati wa kwenda haja ndogo. Wakauita kwa mzaha kisonono cha Wajir, na wakayalaumu maji ya visima na jasi yake.

Inawezekana kabisa. Mtu akiwa katika joto kali, akitokwa jasho mchana kutwa, na akinywa kidogo kwa sababu maji yana ladha mbaya, mkojo wake huwa mzito na mkali. Chumvi za ndani ya mkojo zikigandamana huwa chembechembe, na baadaye huweza kuwa vijiwe vya figo. Dawa ya kwanza hapo ni kunywa maji zaidi hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Kuyaogopa maji na kuyapunguza huzidisha matatizo.

Hata hivyo, maumivu hayohayo huletwa na vijidudu vilivyoingia katika njia ya mkojo, na huletwa pia na kisonono chenyewe. Ofisa aliyekuwa na kisonono halisi alipata kisingizio kizuri sana katika kisima cha Malkia wa Sheba. Mpaka leo wako wagonjwa, wa Wajir na wa Nairobi pia, wanaolaumu maji huku usaha ukiwatoka. Ukiona usaha, damu au homa, au maumivu yakiendelea zaidi ya siku mbili ingawa umekunywa maji ya kutosha, nenda ukapimwe. Usione haya. Kisonono hutibika, lakini kikiachwa huweza kumfanya mwanamume au mwanamke kuwa tasa.

Ladha si kipimo

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo lenyewe. Ulimi huonja chumvi. Hauonji vijidudu.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka mtaa wa Soho mjini London. Daktari aliyeitwa John Snow aligundua kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika barabara ya Broad Street. Maji ya pampu ile yalisifiwa kwa utamu wake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda hata akawa anatumiwa chupa ya maji hayo nyumbani kwake. Aliyanywa, akashikwa na kipindupindu, akafa. Maji yalikuwa matamu, na uchafu wa choo ulikuwa umeingia ndani yake.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Maji ya visima virefu vya Dadaab hayana ladha mbaya, na yanapotoka ardhini ni safi. Lakini mwezi wa Novemba 2015 kipindupindu kilizuka katika kambi za huko na kuendelea hadi mwaka uliofuata, kikarudi tena mwezi wa Oktoba 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2012, palizuka ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi E, ambao ni hatari hasa kwa wanawake wajawazito. Magonjwa yote haya hupita njia moja, yaani kinyesi cha mgonjwa kufika kinywani mwa mtu mzima. Maji yakiwa safi bombani huweza kuchafuka ndani ya mtungi usiooshwa, au kwa mkono unaotumbukiza kikombe, au pale choo kinapofurika wakati wa mvua.

Huko Wajir hatari ina sura nyingine. Maji yaliyo karibu na uso wa ardhi ni neema kwa mchotaji, lakini ni balaa kwa mchimba choo. Choo cha shimo kikichimbwa, chini yake huwa ndiyo maji yenyewe ya kisima cha jirani. Ndiyo sababu kwa miaka mingi mji ule ulitumia vyoo vya ndoo. Ongeza samadi ya mifugo inayonywa pale pale kisimani, na ndoo kumi za watu kumi zikitumbukizwa humo, nawe utaelewa kwamba jasi siyo jambo la kuogopwa zaidi katika kisima hicho.

Utatofautisha vipi?

Mama aliyeishi penye maji ya chumvi akiona mtoto anahara husema, "Daktari, ni maji tu, tumbo litazoea." Husubiri siku ya kwanza, akasubiri ya pili. Ikiwa ni salfeti, kweli tumbo litazoea. Ikiwa ni kipindupindu, siku ya pili huenda isifike. Basi shika dalili hizi.

Kuhara kwa chumvi humpata mgeni katika siku za kwanza baada ya kubadilisha maji. Kinyesi huwa chepesi lakini si kwa wingi wa kutisha. Hakuna homa, hakuna damu, na kwa kawaida hakuna kutapika. Mtu huendelea kula na kutembea, na hali hutulia baada ya siku chache au mara anapopata maji mengine.

Mtoto aliyezaliwa hapo na kuyanywa maji hayo daima hapaswi kuharishwa nayo ghafla siku moja. Akianza kuhara, tafuta sababu nyingine.

Kipindupindu huja kwa ghafla. Kinyesi hutoka kama maji yaliyooshewa mchele, kwa wingi mno, pamoja na kutapika na misuli ya miguu kukaza. Kuhara damu pamoja na homa ni dalili ya ugonjwa mwingine, nao unahitaji dawa. Homa isiyokatika kwa siku kadhaa huenda ikawa ya matumbo.

Kwa mtoto, angalia upungufu wa maji mwilini. Macho yamedidimia, analia bila machozi, mdomo umekauka, utosi umebonyea, na ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi polepole. Akiwa mlegevu au hawezi kunywa, usingoje gari la kesho. Mpeleke hospitali sasa hivi, huku ukimnywesha njiani kwa kijiko ikiwa anaweza kumeza.

Kurudisha maji mwilini

Mtu anayehara haui na kuhara kwenyewe. Huuawa na kupotea kwa maji na chumvi za mwili. Dawa bora ni pakiti za ORS, zinazopatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Changanya pakiti moja katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usizidishe wala usipunguze. Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na aliyezidi umri huo nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Mpe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, na aliyezidi hapo miligramu 20. Usimwachishe kunyonya wala kula.

Pakiti zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Hapa nchi kavu ina onyo lake. Kipimo hiki ni cha maji matamu. Ukikitengeneza kwa maji ambayo tayari yana chumvi, utampa mtoto chumvi kupita kiasi, nayo huweza kudhuru ubongo. Kila nyumba iliyo penye kisima cha chumvi iweke kando mtungi mmoja wa maji matamu, ya mvua au ya kisima kirefu, kwa ajili ya watoto na wagonjwa. Ikiwa maji matamu hayapo kabisa, mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, mpe vinywaji vyovyote salama ulivyo navyo, na ufanye haraka kumfikisha kwenye zahanati.

Ushauri kwa msafiri

Ukiwa na safari ya kaskazini mashariki, ya kazi au ya kuzuru jamaa, zingatia yafuatayo.

Kwanza, kuchemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Maji yatabaki na ladha yake ile ile. Usidhani hayakuiva. Dawa ya klorini nayo hufanya kazi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Pili, hifadhi maji katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mimina, usichote kwa mkono.

Tatu, sabuni isipotoa povu, usiache kunawa. Tumia sabuni zaidi kidogo na usugue mikono kwa muda mrefu zaidi, hasa baada ya choo na kabla ya kula.

Nne, wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo watafute maji yasiyo na chumvi nyingi. Ngamia huhitaji chumvi kuliko mifugo mingine, na mfugaji anayempeleka kwenye kisima cha chumvi anafanya jambo la busara. Wewe si ngamia.

Tano, mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Maziwa ya mama yake yanamtosha, hata katika joto la Hagadera.

Ukifika Orahey, msalimu mwenye kisima, omba ruhusa, na usikilize habari za Malkia wa Sheba hadi mwisho, kwa maana wazee husimulia vizuri. Kisha chemsha maji yako. Na usiku huo mtoto wa mwenyeji wako akianza kuhara na kutapika, na ukasikia mtu akisema kwamba ni maji tu, wewe uwe wa kwanza kusema hapana na kuuliza zahanati iko wapi.